Mkono Mdogo na Msumari wa Inchi Sita

Nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu habari ya jambo lililokaa moyoni mwangu tangu ujana, nalo ni ukubwa wa mkono wa mtu katika kazi ya kukunja misumari na vipande vifupi vya chuma. Najua wako watakaocheka, wakisema, Mwalimu huyu amekosa la kuandika. Na wacheke. Lakini jambo hilo dogo ndilo lililonitoa mimi katika kiwanda cha baba yangu likanipeleka darasani, na mwaka huu lilikuwa karibu kumtoa kijana mwingine katika kazi aipendayo.

Kwetu ni Ugweno, katika milima ya Upare, nasi tu watu wa ukoo wa Washana, ambao tangu zamani ndio wahunzi wa nchi ile. Wazee wetu waliyeyusha mchanga wa chuma, wakafua majembe na mikuki, na chuma chao kiliuzwa mpaka kwa Wachagga wa Kilimanjaro. Husimuliwa ya kwamba Washana ndio waliotawala Ugweno hapo kale, hata Wasuya walipowanyang'anya enzi. Enzi ilikwenda, nyundo ikabaki. Siku hizi hatuyeyushi mchanga tena. Chuma hununuliwa dukani, na kazi ya kiwanda chetu ni makomeo, ndoano za madirisha, bawaba za milango, na ringi za nondo za wajenzi.

Baba yangu alikuwa na desturi yake ya kuchagua nani atarithi nyundo. Mwanawe akitimiza miaka 16 humwita kiwandani, humpa msumari wa inchi sita na kipande cha gunia cha kukingia mikono, humwambia neno moja tu, "Ukunje." Ndugu yangu mkubwa, ambaye amenitangulia kwa miaka mitatu, aliukunja siku yake hata ukawa kama pembe ya meza, na mama akapiga vigelegele. Siku yangu ilipofika naliushika msumari, nikakaza meno, nikavuta hata machozi yakanitoka, wala msumari haukujua kama nipo. Baba akanishika mkono, akaugeuza, akakitazama kiganja kama mtu atazamaye mbegu sokoni. Kisha akasema pasipo hasira, "Mkono huu ni wa kalamu." Baada ya hapo nikapelekwa shule ya misheni, na kutoka huko chuo cha ualimu, na hata leo nafundisha hesabu na sayansi.

Msidhani ya kuwa naandika haya kwa kuichukia kazi yangu. Naipenda. Walakini kwa miaka mingi, kila nilipopita mbele ya kiwanda nikasikia sauti ya fuawe, nalificha mikono yangu mfukoni pasipo kujua kama naificha. Mke wangu ndiye aliyenigundua.

Basi baba amekwisha kufariki, na kiwanda ni cha kaka. Yeye ana wana wawili. Wa kwanza ana miaka 18, ni mtu wa kifua na viganja kama majembe, naye alikwisha kuukunja msumari wake. Wa pili ametimiza 16 mwaka huu, mwembamba, na mikono yake ni kama yangu. Huyu ndiye aipendaye kazi. Tangu mtoto alikuwa akishinda karibu na moto, akiokota vipande na kuvipanga kwa unene wake, na makoleo ya baba yake huyajua yote kwa giza. Nami nalikuwapo siku alipoitwa, kwa kuwa nilikwenda kuagiza bawaba za mlango wa shule. Kaka akautoa msumari. Kijana akaufunga gunia, akaushika, akavuta. Haukupindika.

Lakini mimi sikuutazama msumari, nalitazama mikono. Aliushika katikati, ngumi mbili zimekaribiana, na huku na huku ncha za msumari zimetokeza nje, kama mtu avunjaye muhogo mwembamba. Nikashtuka moyoni, kwa maana nilikumbuka ghafula ya kuwa ndivyo nilivyoushika mimi.

Nikasema, "Kaka, nakuomba usitamke neno leo. Nipe siku saba."

Akacheka. "Mwalimu, chuma si hesabu."

Nikamjibu, "Nipe siku saba, kaka, kisha uniambie hivyo." Akanipa, kwa ajili ya heshima ya undugu tu, naliona usoni mwake kwamba amekwisha kukata shauri.

Sasa niwaeleze wasomaji hesabu yenyewe, nayo si ngumu. Mtu akikunja msumari kwa mikono miwili, vidole vyake vya gumba na vya shahada husukuma katikati upande mmoja, na vitako vya viganja, yaani ile nyama iliyo karibu na kifundo cha mkono, huzisukuma ncha mbili upande wa pili. Hapo katikati ndipo penye egemeo. Kutoka egemeo mpaka mahali nguvu inapoishika ncha ndio wenzo. Kila fundi anajua habari ya wenzo: nati ikikataa, hutia bomba refu katika spana, nayo ikatii. Na msumari ni vivyo hivyo, ila bomba hapana. Urefu wa wenzo ni nusu ya urefu wa msumari wenyewe, tena si nusu nzima kama hukuishika ncha.

Msumari wa inchi sita una wenzo wa inchi tatu kila upande. Ukikata inchi moja, wenzo unakuwa inchi mbili na nusu, na nguvu itakiwayo imeongezeka kwa sehemu ya tano, ingawa chuma ni kile kile. Ukikata mpaka inchi tatu, wahitaji nguvu mara mbili ya ile ya kwanza. Ndiyo sababu kipande kifupi ni kigumu kuliko kirefu, jambo ambalo mtoto hushangaa alisikiapo, maana mwenye macho huona kipande kidogo akadhani ni chepesi.

Mtu ataniuliza, Mbona basi msumari wa inchi nne hukunjika upesi kuliko wa inchi sita? Ni kwa sababu ya unene. Ugumu wa chuma cha mviringo katika kukunjwa hauongezeki pamoja na unene hatua kwa hatua, huruka. Unene ukiwa mara mbili, ugumu ni mara nane, yaani mbili mara mbili mara mbili. Msumari wa inchi sita una unene kama milimita 6, na wa inchi nne kama milimita 4. Sita mara sita mara sita ni 216. Nne mara nne mara nne ni 64. Basi ule mkubwa ni mgumu zaidi ya mara tatu, na wenzo wake mrefu hautoshi kuufidia unene ule. Kwa hiyo mtu asilinganishe misumari miwili ya dukani akasema amepima mikono. Hana budi kukata vipande vya chuma kimoja.

Ndivyo nilivyofanya. Nalinunua nondo laini ya milimita 6, nikaikata kwa msumeno wa chuma vipande vya sentimeta 20, 15 na 10, nikalainisha ncha kwa tupa. Nalipima pia viganja, upana wa vidole vinne pasipo gumba. Nalianza kwa wanafunzi wangu wakubwa, wala hakuna hata mmoja aliyeuliza sababu, kwa maana wameyazoea mambo yangu. Kiganja changu ni sentimeta 7 na nusu. Cha kaka ni 10 kamili. Cha yule kijana ni 7.

Tazameni sasa. Viganja viwili vya kaka ni sentimeta 20. Akishika msumari wa inchi sita, ambao ni sentimeta 15, mikono yake haina budi kuzifikia ncha, apende asipende. Hakuna aliyemfundisha kuzishika. Ukubwa wa mkono wake ndio uliomfundisha. Mwenye mkono mdogo hushika popote. Na kama hakuambiwa, hushika katikati, kwa kuwa ndipo mtu anapodhani pana udhaifu. Hapo ameutupa wenzo wake karibu nusu, tena mbele ya watu. Siku ile ya baba, mimi nilishindwa kabla ya kuvuta.

Katika siku zile saba nalikumbuka pia habari nilizozisoma za watu wa mbali waliojulikana kwa kazi hii. Mmoja ni Joseph Greenstein, aliyezaliwa Poland mwaka 1893, akahamia Marekani, na watu wakamwita kwa jina la kusifu nguvu zake. Kimo chake kilikuwa futi 5 na inchi 4 hivi, na uzito wake kama ratili 140, yaani kilo 64 tu. Nami nina wanafunzi wanaomzidi. Huyu alikunja viatu vya farasi na misumari mikubwa mbele ya makutano, na mingine aliikata kwa meno. Alifariki mwaka 1977, na kitabu cha maisha yake kikapigwa chapa miaka miwili baadaye. Wa pili ni Alexander Zass, aliyezaliwa mwaka 1888 katika mji wa Vilna akafa Uingereza mwaka 1962. Katika vita vya kwanza vya dunia alitekwa, na husimuliwa ya kuwa alijizoeza nguvu kwa kuvuta minyororo na vyuma vya kifungo chake. Naye hakuwa jitu. Alifundisha ya kwamba nguvu ya mkunja chuma imo katika kano kuliko katika unene wa nyama.

Tena huko Marekani mpaka leo wako watu waufanyao huu kama mchezo, na kipimo kimoja kijulikanacho sana kwao ni chuma cha urefu wa inchi 7 na unene wa sehemu 5 za 16 za inchi, kikunjwe hata ncha zibakize inchi mbili katikati, katika dakika moja. Naliutazama urefu ule nikapiga hesabu: inchi 7 ni kama viganja viwili vya mwanamume wa kawaida, basi. Unene ule nao, ukilinganishwa na robo ya inchi, waongeza ugumu karibu mara mbili. Mimi siwezi hata kukiota.

Jumamosi ikafika. Kaka alikuwa na wateja wawili, nao wakabaki kutazama, jambo ambalo sikulipenda. Tukaanza na kipande cha sentimeta 20. Kaka alikikunja kama mtu akunjaye jani la mgomba, maana kinamwenea mikononi sawasawa, na wenzo wake ni sentimeta 10 kamili. Mimi nami nilikikunja, nikiwa nimeshika ncha na katikati pamebaki uwazi, lakini polepole, kwa kuwa pale katikati sikuwa na kidole cha kuegemeza. Hapa mkono mkubwa ulishinda, nami nakubali.

Cha sentimeta 15 kilimtoa kaka jasho. Kidole chake cha mwisho na nusu ya kile cha pete, mkono huu na mkono huu, vilikuwa hewani vikishika upepo. Hata hivyo alikikunja mpaka mwisho. Mimi nalikifikisha pembe ya mraba katika jaribio la tatu, nikashindwa kukifunga, na sababu yake nayo ni ya mkono: chuma kikisha kupita pembe ya mraba, kazi si ya wenzo tena, ni ya kuzibana pande mbili pamoja, na kiganja kipana huzimeza zote mbili, lakini kidogo hakina budi kufumbata vidole vya mkono mmoja ndani ya vingine na kubana kwa kifua. Sikuwa nimejizoeza.

Kisha kipande cha sentimeta 10. Kaka akakifunga gunia, akakishika, akaguna. Vidole vyake viwili vya shahada viligongana katikati, na ni vidole viwili tu vya kila mkono vilivyopata chuma; vingine vyote vilikuwa wageni. Alivuta hata mishipa ya shingo ikatokeza. Chuma hakikutikisika. Nikakipokea mimi. Sitajisifu: nalikipinda kiasi cha upana wa kidole, nikakiacha. Lakini kilipindika, na wale wateja wawili wakatazamana.

Kaka akasema, "Gunia limeteleza." Nikanyamaza.

Habari ya gunia lenyewe, niseme neno. Mara nyingi kinachomshinda mtu si nguvu, ni maumivu ya ngozi. Ncha ya chuma ikikichoma kiganja, mkono hulegea wenyewe pasipo kumwuliza mwenyewe. Kitambaa kinene au ngozi huondoa maumivu hayo. Tena kitambaa hukinenepesha chuma, na hapo mikono hutofautiana: mkono mkubwa ukishika chuma chembamba, vidole hujikunja vikafika kiganjani pasipo kubana, basi huhitaji nguo nyingi, mkono mdogo ukifungiwa nguo nyingi haufumbi. Gunia la baba lilikuwa moja kwa watu wote. Na wazazi wanaosoma haya wawaonye watoto wao wasijaribu misumari ya zege, ile migumu ya kupigilia ukutani, kwa maana hiyo haikunjiki, huvunjika, na kipande chake huruka kama risasi.

Nikamwita kijana. Sikumpa nondo, nalimwomba kaka msumari ule ule wa inchi sita, ambao ni mgumu kuliko nondo laini ya unene uo huo, kwa kuwa waya wake huvutwa baridi kiwandani. Nikampunguzia gunia. Nikamwonyesha: vitako vya viganja katika ncha, vidole vya shahada na gumba katikati, viwiko karibu na mbavu, na kusukuma kwa kifua chote, si kwa vifundo vya mikono. Viganja vyake viwili ni sentimeta 14. Msumari ni 15. Hakuna kidole kilichokaa bure, na ncha zote mbili zilikuwa zimelala mahali pake.

Akavuta. Nalihesabu moyoni. Nilipofika kumi na mbili hivi nikaona gunia linainuka katikati, kidogo, kama mgongo wa paka. Akapumua, akavuta tena, ukaongezeka. Haukufika pembe ya mraba kama ule wa baba yake zamani, wala kama ule wa nduguye. Ulikuwa mfano wa upinde, basi. Alipoufungua gunia akagusa pale palipopindika, akautoa mkono upesi. "Baba mdogo, una moto!" Ndivyo ilivyo, chuma kikikunjwa upesi hupata joto pale pale kinapokunjika, na hilo nalo nililisoma kitabuni miaka mingi kabla sijaligusa.

Kaka akaupokea msumari, akautazama huku na huku. Akaenda kwenye fuawe, akaupiga ili kuunyosha, maana kwetu msumari hautupwi. Ukanyoka pembeni, lakini pale ulipokunjwa pakabaki kinundu kisichotaka kulala, kwa kuwa chuma kilichokunjwa baridi huwa kigumu zaidi pale kilipokunjwa. Akapiga tena na tena. Kisha akautia mfukoni, akawauliza wateja wanataka nini.

Jioni tulipokuwa tukila, kaka akasema pasipo kunitazama, "Baba alikuambia ushike wapi?"

Nikasema, "Hakuniambia."

"Nami hakuniambia," akasema. Akanawa mikono. Baadaye kidogo akaongeza, "Hakujua kama panaambiwa. Yeye mikono yake ilikuwa kama yangu."

Hatukusema zaidi. Naliondoka na bawaba zangu, nazo alikataa kulipwa. Siku ya Alhamisi mtoto wa jirani aliniletea shule ujumbe kutoka kiwandani: kijana ataanza kazi siku ya Jumatatu pamoja na nduguye, atavuta mivukuto kwanza, na mimi nimtafutie kipande cha ngozi kinachomfaa mikono, kwa kuwa gunia lile ni kubwa mno kwake.